Maswali na Majibu: Kukeneka Mafuta na Marashi Nyumbani

Katika toleo lililopita niliandika aya chache kuhusu namna ya kukeneka mafuta ya mchaichai, yaani kuyatoa kwenye majani kwa mvuke, na tangu hapo barua hazijakoma. Wengi wenu hamtaki kufungua kiwanda. Mnataka mtambo mdogo wa kuweka uani, wa kushughulika nao siku ya mapumziko, na chupa moja au mbili za kitu chenye harufu nzuri mlichokitoa kwa mikono yenu. Nimechagua maswali yanayogusa mambo yaliyoulizwa na watu wengi zaidi, na nimejibu kwa urefu pale ambapo kosa dogo linaweza kumuumiza mtu.

*Mwalimu, shikamoo. Nina mchaichai mwingi nyuma ya nyumba na ningependa kujitengenezea mtambo mdogo wa kukeneka mafuta. Nianze na vifaa gani, na je, ninahitaji fundi?*
Mama wa watoto watatu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Umeanza na mmea unaofaa kabisa, kwa sababu mchaichai hutoa mafuta yake kwa saa mbili tu na harufu yake itakuambia mapema kama kazi inakwenda vizuri.

Kwanza elewa kinachotokea ndani ya chungu, maana ukikielewa hutahitaji kukariri kanuni nyingi. Mafuta ya mchaichai yakichemshwa peke yake huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200, na kwa joto hilo yangeharibika. Lakini mafuta na maji ni vitu visivyochanganyika, na vikipata moto pamoja kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, kisha nguvu za mivuke hiyo miwili hujumlishwa. Ndiyo maana vyote viwili huondoka pamoja chini kidogo ya nyuzi 100, bila majani kuungua. Kazi ya mtambo ni kuuongoza mvuke huo hadi mahali penye baridi na kuupa njia iliyo wazi muda wote.

Chungu chako kiwe cha chuma cha pua, kile ambacho madukani huitwa stenlesi, chenye ujazo wa lita 20 hivi. Mtungi wa maziwa wenye mdomo mpana hufaa sana. Ndani yake weka wavu wenye miguu, uliosimama sentimita 10 kutoka chini, ili majani yakae juu ya maji na yasiguse sehemu ya moto. Mimina lita tano za maji, na hakikisha uso wake uko chini ya wavu. Kwenye mfuniko toboa tundu la bomba la nusu inchi, na hapo ndipo utakapomhitaji fundi, kwa sababu kuchomelea stenlesi si kazi ya kujaribia. Mwambie waziwazi kwamba hutaki risasi ya kulehemu mahali popote ambapo mvuke unapita.

Koili, yaani bomba la kuzungushwa ambamo mvuke hupoa na kuwa maji, unaweza kuikunja mwenyewe. Nunua mita tatu za bomba jipya la shaba kwa wauzaji wa vifaa vya friji. Usikubali bomba lililotumika, kwa kuwa ndani yake hubaki mafuta ya kompresa. Ziba ncha moja, ujaze mchanga mkavu uliochekechwa, ugongegonge mpaka ushikamane, kisha uzibe ncha ya pili na ulizungushe bomba taratibu kwenye kopo la rangi la lita nne. Mchanga ndio unaozuia bomba lisibonyee. Nilipokunja koili yangu ya kwanza sikuujua ujanja huu, na kila nilipofika kwenye kona bomba lilijikunja kama mrija wa soda. Ukimaliza, mwaga mchanga, suuza kwa maji mengi, na upitishe mvuke mtupu kwa nusu saa kabla ya kutia mmea wowote.

Koili hukaa ndani ya ndoo ya lita 20 yenye maji baridi na kutokea karibu na kitako cha ndoo. Iteremke moja kwa moja, isiwe na mahali inapolala au kupanda tena, kwa maana maji yakituama humo yatauziba mvuke. Maji mapya ya kupozea yaingie kutoka chini na yale ya moto yamwagike kwa juu. Watu wengi hawakadirii vizuri kiasi cha maji kinachohitajika: kila mvuke wa kutoa lita moja ya maji, ukipoa, hutoa joto la kutosha kupandisha lita 20 kwa nyuzi 30. Maana yake ni kwamba ndoo yako nzima itakuwa imepata moto ukishakusanya lita moja tu, na kama huna bomba la kuyabadilisha maji, weka ndoo nyingine mbili karibu kabla hujawasha jiko.

Mchaichai ukatekate, uanike kivulini siku moja ili unyauke, kisha uupange juu ya wavu bila kuushindilia. Mfuniko uzibe kwa unga wa ngano uliokandwa na maji. Nakusihi usitafute kitu kigumu kuliko unga, kwa sababu endapo njia ya mvuke itaziba, donge la unga litaachia kabla ya kitu kingine kupasuka. Moto uwe wa wastani. Yanayotoka mwishoni mwa koili yawe ya baridi au ya vuguvugu, matone yanayofuatana kwa karibu bila kuwa mfereji; ukiona mvuke unatoka, punguza moto mara moja. Kilo nne za mchaichai mbichi zitakupa kati ya mililita 10 na 20 za mafuta ya manjano yanayoelea, na maji yaliyo chini yake nayo usiyamwage, kwa kuwa yana harufu nzuri ya kufulia mashuka.

*Mwalimu, ninayo sufuria ya presha ya zamani. Rafiki yangu ananishauri nichomeke mpira kwenye kile kitundu cha juu, mbele yake niweke rejeta ndogo ya gari badala ya koili. Je, itafanya kazi?*
Fundi baiskeli, Mwanza

Ndugu yangu, mvuke utapita na kitu kitatoka, lakini sikushauri ufanye hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Nianze na rejeta, kwa sababu ndiyo inayoua polepole. Rejeta za zamani za shaba zimeunganishwa kwa risasi, na ndani yake hubaki masalio ya dawa ya kuzuia kutu na kuganda, ambayo yenyewe ni sumu. Mvuke wa moto ukichanganyika na mafuta ya mimea huosha vyote hivyo na kuvileta kwenye chupa yako, na risasi hiyo hutaiona wala kuinusa. Hata rejeta mpya za alumini hazikutengenezwa kwa ajili ya kitu kitakachopakwa mwilini. Kuhusu mpira, mafuta haya huula: huulainisha na kuuvimbisha, na harufu yake huingia kwenye kila utakachokeneka baadaye.

Sufuria ya presha ni jambo jingine. Kitundu chake cha juu ni chembamba, na jani moja likinyanyuliwa na mvuke linatosha kukiziba. Haya nayajua kwa kuyaona. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na sufuria ambayo mfuniko wake niliufunga kwa waya nikiamini nimeudhibiti mvuke. Kipande kidogo cha jani la mchaichai kilijibana kwenye shingo, matone yakakoma, nami nikadhani maji yamekwisha, kumbe presha ilikuwa inapanda. Mfuniko uliruka hadi kwenye bati, maji yanayochemka yakatawanyika jikoni kote, na bahati yangu ilikuwa kwamba nilikuwa nimetoka kuchota maji ya kupozea. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga mfuniko wa mtambo kwa kitu ambacho siwezi kukiondoa kwa kidole.

Kama sufuria yako ni ya stenlesi na unataka kuitumia, mwache fundi atoboe tundu jipya la nusu inchi, kile kitundu cha zamani pamoja na vali yake ya usalama vibaki vilivyo, na juu ya majani utandaze wavu wa pili wa kuyazuia yasipande. Kama ni ya alumini, itumie kupikia maharage. Na matone yakikoma ghafla wakati bado kuna maji, zima moto na usubiri ipoe. Usiguse kitu kabla.

*Assalaam aleikum, Mwalimu. Nilikeneka makonyo, vile vikonyo vinavyoshikilia karafuu, kwa saa tatu. Nikapata maji meupe kama tui, yenye harufu kali, lakini juu yake hapakuwa na mafuta hata tone. Nikayamwaga. Nilikosea wapi?*
Kijana wa Wete, Pemba

Waaleikum salaam, mwanangu. Hukukosea kukeneka, ulikosea kumwaga, kwa sababu mafuta yako yalikuwa chini.

Mafuta mengi ya mimea ni mepesi kuliko maji na huelea, na ndiyo maana kila mtu hutazama juu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji: lita moja yake ina uzito wa gramu 1,040 hadi 1,060, kwa hiyo huzama. Yale meupe kama tui uliyoyaona ni vitone vidogo mno vya mafuta ambavyo vilikuwa bado havijakutana. Siku nyingine pokea matone yako katika chupa ndefu ya kioo, itie kijiko cha chumvi, uifunike na uiache usiku kucha. Asubuhi utaona maji yameanza kuwa maangavu na chini kuna tabaka la manjano hafifu linalotikisika taratibu kama asali nyepesi. Lifyonze kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano. Maji yanayobaki yarudishe kwenye chungu katika mkeneko unaofuata, kwa kuwa sehemu ya mafuta ya karafuu huyeyuka ndani ya maji, na ukiyarudisha haipotei.

Saa tatu pia hazikutosha. Makonyo hushikilia mafuta yake, nami huyapa saa sita hadi nane, nikiongeza maji ya moto mara kwa mara bila kukiacha chungu kikauke. Makonyo makavu yana mafuta ya asilimia 5 hadi 7, ilhali karafuu zenyewe zina asilimia 15 hadi 20. Kilo moja ya makonyo ikikupa mililita 40, umefanya kazi nzuri. Hesabu hiyo ndiyo inayokifanya kiwanda cha makonyo cha Wawi, hapo hapo kisiwani kwenu, kitumie kile ambacho mkulima angekitupa. Kuhusu karafuu zenyewe, ununuzi wake Zanzibar uko mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kwa hiyo kabla ya kukeneka chochote zaidi ya kiasi cha kujifunzia, nenda kaulize ofisini kwao.

Mambo mawili zaidi. Chungu na wavu visiwe vya chuma cha kawaida, kwani yujeno, kiini cha mafuta haya, ikikutana na chuma hugeuka rangi ya giza. Na chupa yako iwe ya kioo cheusi, yenye jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, juu ya kabati ambalo mtoto halifikii. Tumezoea kuitia karafuu kwenye pilau na kwenye jino linalouma, tukaiona ni kitu cha nyumbani, lakini mafuta yake ni karafuu nyingi zilizokusanywa katika tone moja. Kijiko kimoja au viwili vya chai vimeshawahi kuliharibu ini la mtoto mdogo. Akiyanywa, msimtapishe wala msimpe maziwa. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi.

*Mwalimu, ninaishi Muscat, kwa asili sisi ni watu wa Unguja. Mwaka huu nilipanda Jabal Akhdar wakati wa mavuno ya waridi na nikaona wazee wakikeneka marashi kwenye majiko ya udongo. Je, naweza kufanya vile katika jiko la fleti, kwa waridi chache tu?*
Msomaji wa Muscat

Unaweza, dada yangu, na nafurahi umeandika, kwa sababu ulichokiona huko ni njia ya zamani isiyohitaji koili wala bomba. Huko mlimani, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, waridi la Damaski huchumwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Petali hutiwa chunguni ndani ya jiko la udongo, chombo kidogo huwekwa humo humo cha kupokea matone, na juu huwekwa bakuli la maji baridi linaloziba mdomo. Mvuke hupanda, hukutana na kitako cha baridi cha bakuli, hugeuka maji na kudondoka. Moshi wa kuni nao huacha alama yake, ndiyo maana marashi ya kule yana harufu ya moshi kidogo ambayo wenyewe huipenda.

Kwenye fleti chukua sufuria pana yenye mfuniko uliovimba katikati. Weka kibakuli cha kauri kikiwa kimepinduliwa, juu yake kibakuli kingine kilichokaa wima, na pembeni panga petali kisha uzimwagie maji mpaka yazifunike tu. Mfuniko uweke kichwa chini, kishikio chake kikielekea kwenye kibakuli, na juu yake jaza barafu. Moto uwe mdogo kabisa, kiasi cha kusikia maji yakinong'ona. Baada ya dakika 30 hadi 40 acha, hata kama maji yapo, maana yanayokuja baadaye yana harufu ya majani yaliyopikwa.

Utakachopata ni maji ya waridi, si mafuta. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji kilo 3,000 hadi 5,000 za petali, kwa hiyo usijilaumu usipoona tone linaloelea. Usitumie waridi za duka la maua. Hupigwa dawa, na zimezalishwa kwa ajili ya sura na maisha marefu, si kwa harufu. Mimina marashi yako katika chupa iliyochemshwa, yakae kwenye friji, na uyatumie ndani ya wiki chache. Kama kwenu bado kuna mrashi wa shangazi au bibi, ile chupa ya kunyunyizia marashi, yatie humo siku ya wageni.

*Mwalimu, mtambo wangu umekamilika, lakini jirani ameuona na sasa balozi wa mtaa ananiuliza kama ninapika gongo. Nami, nikisema kweli, nimejiuliza kama naweza kuutumia kwa kazi zote mbili. Nifanyeje?*
Mstaafu, Dodoma

Mzee mwenzangu, nakushukuru kwa ukweli wako, nami nitakujibu kwa ukweli. Usiutumie kwa pombe hata mara moja. Tanzania ina Sheria ya Moshi, yaani pombe ya kukeneka, tangu mwaka 1966, na kukeneka pombe bila leseni ni kosa, iwe ni ya kuuza au ya kunywa mwenyewe. Jirani zetu wa Kenya walibadilisha sheria yao mwaka 2010, wakaruhusu chang'aa itengenezwe kihalali, lakini kwa leseni na kwa viwango. Hawakuifanya kuwa kazi ya uani. Kwa hiyo mtambo wenye harufu ya pombe utakuondolea kinga ya mtambo wenye harufu ya mchaichai.

Tena nimewazika watu. Vifo vya watu wengi kwa pamoja, kama vile vya Nairobi mwezi Novemba 2000 ambapo zaidi ya 100 walikufa, huletwa na methanoli, spiriti ya viwandani inayochanganywa kwenye kinywaji ili kikolee. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho, na aliyekunywa huanza kwa kulalamika kwamba anaona ukungu. Haionekani kwa macho, haitofautiki kwa ladha, na ule mtindo wa kuwasha kijiko na kuutazama mwali hauwezi kukuhakikishia usalama. Ninawajua watu waliokufa baada ya kuuamini.

Kuhusu balozi, usimsubiri arudi. Mwalike yeye na mwenyekiti wa mtaa Jumamosi moja asubuhi, uwashe mtambo mbele yao, wasimame pale mpaka harufu itoke na waone mafuta yakielea kwenye chupa. Kisha mpe kila mmoja kichupa. Mimi nilifanya hivyo nilipohamia hapa ninapoishi, na mjumbe wetu wa wakati ule alikuwa wa kwanza kuniletea majani ya mkaratusi aniombe nimkenekee ya kujifukizia mafua.

*Mwalimu, nilijaribu asumini mara tatu, beseni zima. Nilipata maji yenye harufu ya mchicha. Asumini yetu ina kasoro?*
Bibi harusi mtarajiwa, Lamu

Haina kasoro hata kidogo, binti yangu, ila haivumilii moto. Harufu ya asumini huharibika kwenye mvuke, na hata wenye viwanda vya manukato hawaikeneki. Mji wa Grasse, Ufaransa, uliojengeka kwa biashara hii, ulikuwa ukilaza maua juu ya mafuta mazito ya wanyama yaliyopoa, ukibadilisha maua kila siku mpaka mafuta yashibe harufu. Sisi wa Pwani tuna mafuta ya nazi, ambayo kwa joto letu huwa maji maji, nayo hufaa.

Chukua mafuta ya nazi meupe yasiyo na harufu kali, nusu lita, katika chupa ya mdomo mpana. Chuma asumini jioni zinapoanza kufunguka, zisiwe na maji ya umande wala ya mvua, uzizamishe na ufunike kwa kitambaa. Asubuhi zitoe zote kwa kichujio, hata ile iliyojificha chini, na jioni utie nyingine mpya. Fanya hivyo kwa siku 15 au zaidi, ukinusa kila asubuhi. Usiziache zikapitiliza mpaka ziwe za kahawia, kwa sababu ua lililooza ndani ya mafuta huacha uvundo usiotoka, na hapo itakubidi uanze upya na mafuta mengine.